SOMO LA WIKI: "Mimi Nasoma ya Nini?"

Andiko: Danieli 1:3–20



Juzi kijana mmoja hapa Likoni aliniuliza, "Mchungaji, kakangu alimaliza kidato cha nne, sasa yuko pale feri anasukuma mkokoteni. Mimi nasoma ya nini?" Mamake ashamchapa, ashamlinganisha na watoto wa jirani, wapi! Kijana huyu si mvivu. Amekosa sababu.

Tumtazame Danieli. Shule ile hakuichagua. Alichukuliwa mateka hadi Babeli, akafundishwa lugha na elimu ya Wakaldayo miaka mitatu. Angeweza kususa. Lakini yeye na wenzake walisoma, na Mungu akawapa maarifa. Hawakujua elimu ile itawafikisha wapi. Walijua wanamtumikia nani.

Hapa Kenya tulikuwa na Mzee Kimani Maruge. Serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, yeye mwaka uliofuata, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret. Hakuwa akitafuta kazi! Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, na kuhesabu pesa zake asipunjwe. Sababu hizo zilimvalisha mzee kaptura ya shule.

Basi mzazi, usiishie kumwambia mtoto "soma upate kazi." Akimwangalia kakake, neno hilo linaanguka. Anza na anachokipenda. Anapenda pikipiki? Kaeni mpige hesabu: mafuta ya siku, mkopo wa kila wiki, kinachobaki ni ngapi? Mwonyeshe mkataba wa mkopo. Asiyeuelewa anatia sahihi gizani. Anapenda kuimba? Mpe Neno asome mbele ya ushirika. Tena nenda shuleni kabla hujaitwa, umuulize mwalimu anakwama wapi. Pengine hajakataa shule. Anaona haya kwa sababu hajui kusoma vizuri.

Yule kijana nilimuuliza, "Kule feri, karatasi za chama chao huwasomea nani?" Akanyamaza, kisha akatabasamu: "Ni kakangu."

Kazi ya wiki hii: Muulize mtoto wako swali moja, "Shuleni ni kipi kinachokuchosha?" Msikilize mpaka amalize. Usimkemee. Kisha ombeni pamoja.

Tuombe: Baba, tupe subira na watoto wetu, na uwaonyeshe sababu yao. Katika jina la Yesu, Amina.