SOMO LA VIKUNDI: Gari Likizima Njiani, Nani Anapanga Bei?

Somo hili linahusu jambo ambalo wengi hudhani ni la wenye magari ya mjini na vitongoji vyake, yaani kuvutwa na bredauni. Lakini vikundi vingi siku hizi vina pikapu ya maziwa, au hukodi gari la kupeleka viazi na kabichi sokoni. Gari hilo likiharibika njiani, hasara si ya dereva peke yake. Ni ya kila mwanachama aliyepakia gunia lake.

Tuanze na igizo. Wanachama wawili wajitolee, mmoja awe mama mweka hazina, mwingine awe kijana wa bredauni. Wengine watazame.

(Ni saa kumi na moja alfajiri. Kuna ukungu mzito. Pikapu ya kikundi imezima kando ya barabara kuu. Bredauni inafika bila kuitwa.)

KIJANA: Pole sana mama. Hapa ni pabaya, polisi wakipata hii gari hapa mtashikwa. Wacha niwavute.

MAMA: Asante kijana wangu. Ni pesa ngapi?

KIJANA: Hiyo tutaongea huko mbele. Kwanza tutoke hapa.

MAMA: Huko mbele ni wapi?

KIJANA: Wacha wasiwasi mama. Mimi si ni kama mtoto wako?

(Anafunga mnyororo.)

Simamisheni igizo hapo hapo. Kiongozi aulize: Tumeona nini? Mama aliuliza maswali mawili, alijibiwa lipi? Jambo kama hili limewahi kutupata? Kiongozi asikimbilie kujibu. Wapeni watu nafasi, hasa wale wanaokaa nyuma na kunyamaza.

Sisi tunalijua igizo hili kwa sababu tulikuwa ndani ya gari lenyewe. Tulitoka upande wa Njabini usiku pamoja na akina mama wa kikundi kimoja, kabichi zimejaa mpaka juu, tukitaka kufika Nairobi kabla ya jua. Tulipita Flyover tukaingia barabara kuu. Tulipokaribia Kimende ukungu ukatufunika. Wanaopita huko wanajua, ni mahali pa juu penye baridi, na asubuhi ukungu unaweza kuficha lori zima. Gari likachemka, likazima. Bredauni ikaja, na sisi hatukuuliza hata yale maswali mawili ya mama. Tulisema tu, "Vuta."

Tulivutwa hadi kwenye ploti moja tusiyoijua, upande wa Limuru. Hapo ndipo tulipoambiwa bei, na ilikuwa zaidi ya pesa tulizotarajia kupata kwa mzigo wote. Hatukuwa nazo. Basi kila siku ikaongezwa pesa ya kulaza gari. Siku ya tatu majani ya kabichi yalikuwa yamegeuka manjano. Akina mama waliziuza palepale kando ya barabara kwa bei ya kutupa, ili tupate pesa ya kukomboa gari. Na ugonjwa wa gari ulikuwa nini? Paipu ya mpira ya rejeta. Fundi aliibadilisha kwa muda usiofika saa moja.

Kwa wiki kadhaa tulimlaumu yule kijana. Halafu katika mkutano mama mmoja mzee akauliza, "Na sisi tulikuwa tumepanga nini?" Watu wakanyamaza. Ukweli ni kwamba hatukuwa na akiba ya safari, hatukuwa na namba ya simu ya bredauni yoyote, na hakuna aliyejua nani ana ruhusa ya kukubali bei. Dereva alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti alitutazama sisi, nasi tulikuwa tunamtazama dereva.

Tuseme pia kwamba watu wengi wa bredauni ni waaminifu. Wana gharama ya dizeli, winchi na minyororo, nao huamshwa usiku wa manane kwenye mvua. Wanastahili malipo mazuri. Tunachosema ni kwamba malipo hayo yajulikane kabla ya mnyororo kufungwa. Gari likishaning'inia, huna tena nguvu ya kupatana.

Lakini hata kabla ya bei kuna watu. Gari likizima, dereva alitoe barabarani kadiri awezavyo na kuwasha taa za kuonya pande zote mbili. Abiria wote washuke upande wa mbali na magari, wavuke mtaro, wasimame mbali. Wasikae ndani kujikinga na baridi, na wasisimame nyuma ya gari wakishauriana. Tunakumbuka ya Londiani, Juni 30, 2023, lori lilipopoteza mwelekeo likawaparamia watu na magari kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Wengi wao hawakuwa safarini. Walikuwa wakiuza na kungoja magari tu. Kando ya barabara si mahali pa kupumzikia.

Kisha ziwekwe zile pembetatu zinazong'aa, ambazo wengi tunaziita laifseva. Sheria inataka kila gari liwe nazo. Wengi huziweka hatua tano nyuma ya gari, na hapo hazina kazi, kwa maana dereva anayekuja mbio akiziona amekwisha kufika. Tembea hatua 50 au zaidi, nyuma na mbele. Kama kuna kona, mteremko au ukungu, enda mbali zaidi, ili anayekuja aonywe kabla ya kufika penye hatari. Je, matawi ya miti? Tumezoea kuyatumia, na mchana yanasaidia kidogo, lakini usiku hayang'ai. Ubaya mwingine ni kwamba gari likishatengenezwa watu huondoka wakaacha matawi na yale mawe yaliyozuia magurudumu. Usiku huo huo mwenye pikipiki anayagonga. Ukiweka jiwe barabarani, ni lako mpaka uliondoe.

Kwa vikundi vilivyo karibu na barabara kuu tuna neno moja zaidi. Tangi la mafuta likianguka, kazi ya jirani ni kuwazuia watu wasikaribie na kupiga simu 999 au 112. Januari 31, 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, watu walikwenda na mitungi kuchota petroli iliyomwagika. Moto ulilipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Walikuwa watu kama sisi, wenye watoto nyumbani. Mvuke wa petroli hauonekani na husambaa chini chini mbali na tangi, kwa hiyo cheche ndogo tu inatosha. Lizungumzieni jambo hili pamoja na vijana wenu, hata kama siku hiyo hamtamaliza somo.

Sasa turudi kwa bei. Mtu mmoja tu aongee kwa niaba ya kikundi. Aulize gari linavutwa kutoka wapi mpaka wapi, na pesa zote ni ngapi. Kuna wanaotaja bei ya kuvuta peke yake, kisha wakadai nyingine ya kulitoa gari mtaroni kwa winchi na nyingine ya kufunga mnyororo. Aulize kama lina malipo ya kulala, na yanaanza siku gani. Mahali pa kupeleka gari mchague ninyi. Pawe kwa fundi mnayemjua, au kituo cha petroli chenye taa na mlinzi. Ploti ya mwenye bredauni iwe ya mwisho kabisa. Yaandikeni mliyopatana, hata kwenye karatasi ya daftari, pamoja na namba za magari yote mawili na sahihi. Mwenye simu yenye kamera apige picha ya gari na mzigo kabla halijaguswa. Mkilipa kwa M-Pesa ujumbe utabaki kama ushahidi, lakini msitume pesa za mbele kwa namba ya mtu msiyemjua na ambaye hajafika.

Na kabla ya kuita bredauni, mwiteni fundi kwanza ikiwezekana. Pancha, betri iliyoisha, mkanda uliokatika au paipu kama ile yetu hutengenezwa palepale. (Gari likichemka msifungue kifuniko cha rejeta mpaka lipoe. Maji yaliyo ndani yanaweza kumchoma mtu uso.)

Ikiwa gari litavutwa kwa kamba na jirani, dereva wa gari bovu ajue mambo haya. Ufunguo usitolewe, kwani usukani unaweza kujifunga. Injini ikiwa imezima breki huwa nzito sana, kwa maana injini ndiyo iliyokuwa ikisaidia mguu, basi akanyage kwa nguvu na waende polepole. Chuma cha kuvutia ni bora kuliko kamba, maana kamba haizuii gari la nyuma kugonga la mbele. Gari la gia za otomatiki lisivutwe huku magurudumu yanayosukumwa na injini yakizunguka chini. Mafuta ya gia hizo husukumwa na pampu inayozungushwa na injini, na injini ikilala gia husagana bila mafuta ya kutosha na kuungua. Hilo libebwe juu ya gari lingine, au liinuliwe upande huo. Lori la breki za upepo nalo, upepo ukiisha, breki hujifunga zenyewe. Aliyesomea kazi hiyo ndiye azifungue, na kwanza magurudumu yazuiwe vizuri, la sivyo lori litateremka lenyewe.

Kuhusu bima, ile ya mtu wa tatu hulipia madhara uliyowafanyia wengine, hailipii gari lako kuvutwa. Bima kubwa mara nyingi hulipia mpaka kiasi fulani kilichoandikwa kwenye mkataba, na kampuni nyingi hutaka zipigiwe simu kabla gari halijavutwa. Ikiwa ni ajali na watu wameumia, watu wasaidiwe kwanza, na gari lisisogezwe mpaka polisi wafike.

Akiba nayo? Gari likienda sokoni mara mbili kwa wiki, na kila safari mkatoa shilingi 200, kwa wiki 50 mtakuwa na shilingi 20,000. Kile kikundi cha kabichi kilianza hivyo baada ya hasara yetu. Waliweka pia karatasi kwenye dashibodi yenye namba za mafundi wawili na mwenye bredauni mmoja waliyemtembelea wakiwa hawana shida, wakapatana naye bei wakinywa chai.

Kazi ya kikundi:

Rudieni igizo lile, lakini safari hii mama akatae mnyororo kufungwa mpaka ajibiwe. Atasema nini, na kwa maneno gani, bila kumtukana kijana?

Kati yetu nani ana ruhusa ya kukubali bei njiani, na mpaka shilingi ngapi?

Kwa mkutano ujao, mweka hazina alete karatasi ya bima ya gari isomwe mbele ya wote. Dereva alete jeki, spana ya magurudumu na laifseva mbili, tuzione kwa macho.