SOMO LA MAKATIBU: KUPIGA PICHA YA SKRINI PAMOJA NA KISHALE

Shabaha ya somo

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha katibu wa chama kumwonyesha mtu aliye mbali mambo mawili kwa pamoja: kile kilichoonekana katika skrini ya kompyuta, na mahali kishale cha kipanya kilipokuwa kimeelekezwa.

Hapo zamani, daftari la chama lilipoleta utata, katibu alilikwapua akaenda nalo kwa mkaguzi. Siku hizi vyama vya Tanzania Bara huingiza taarifa zao kwa kompyuta katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katibu wa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, akikwama, ni safari kufika Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, na ni safari nyingine kupanda hadi Sumbawanga. Nauli na posho za safari hizo hutoka katika mfuko wa wanachama. Picha iliyopigwa vema huweza kuiokoa fedha hiyo.

Mfano wa kufikirika

Katibu amejaza taarifa ya mwaka katika kompyuta. Chini ya ukurasa vipo vitufe viwili, kimoja cha kuhifadhi na kimoja cha kuwasilisha. Kila siku abonyeza, na kila siku aambiwa na ofisa kwamba taarifa haijafika. Apiga picha ya skrini na kuituma. Ofisa aona ukurasa uliojazwa sawasawa, wala haoni kosa lolote. Kumbe katibu amekuwa akibonyeza kitufe cha kuhifadhi tu. Lau kishale kingeonekana katika picha, kosa lingetambuliwa siku ile ile ya kwanza.

Kwa nini kishale hupotea

Mwalimu anapofundisha, huandika ubaoni kwa chaki na kuonyesha kwa fimbo. Mwanafunzi anayenakili huchukua maandishi. Fimbo hainakili, kwa maana si sehemu ya ubao. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Kwa kawaida kishale huchorwa peke yake juu ya ukurasa, ili kiweze kwenda huku na huko bila ukurasa wote kuchorwa upya. Kitufe cha kibodi kilichoandikwa PrtSc, katika kompyuta zenye Windows, hunakili ukurasa na kukiacha kishale. Kwa hiyo kishale kikikosekana, kompyuta si mbovu.

Njia za kukipata

Kwanza, simu. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu huonyesha kila kinachong'aa, kishale kikiwamo. Ubaya wake ni kwamba tarakimu ndogo huweza kufifia. Simu na isimamishwe sambamba na skrini, bila kuinama.

Pili, programu maalumu. Kwa Windows ipo Greenshot, ambayo hutolewa bure. Katika mipangilio yake, sehemu ya "Capture", huwekwa alama ya tiki penye "Capture mousepointer". Baadaye kishale huwekwa juu ya kitufe kinachohusika, kipanya huachwa kitulie, kisha hubonyezwa Ctrl pamoja na PrtSc. Ni muhimu kutumia vitufe vya kibodi. Anayekwenda kubonyeza kwa kipanya atakiondoa kishale mahali pake. Programu na ichukuliwe kwa watengenezaji wenyewe, kwa idhini ya uongozi wa chama.

Tatu, kompyuta za Apple. Hubonyezwa Shift, Command na 5 kwa pamoja, kisha katika "Options" huchaguliwa "Show Mouse Pointer". Hapo pia huweza kuchaguliwa kusubiri sekunde 5 au 10, muda unaotosha kurudisha kishale mahali pake.

Nne, asiye na programu hizo huweza kubandika picha ya kawaida katika Paint na kuzungushia duara jekundu mahali alipobonyeza.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp, ni bora itumwe kama hati, ili maandishi yasipoteze uwazi wake.

Tahadhari mbili

Skrini ya chama hubeba majina, akiba na madeni ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yawahusu pia watunzao taarifa za wanachama. Kabla ya kutuma, katibu na afiche kila kisichohusika na tatizo, na nywila isionekane kamwe. Picha na ipelekwe kwa ofisa anayehusika peke yake, wala si kwa kundi zima.

Tena, picha ni msaada wa maelezo. Haishiki nafasi ya hati. Katika Greenshot, kishale kilichonaswa huweza kusogezwa kabla ya picha kuhifadhiwa. Kwa hiyo kamati isimhukumu mtu, wala isimwondolee lawama, kwa sababu ya mahali kishale kilipoonekana. Stakabadhi, hati za malipo na kumbukumbu za mfumo wenyewe ndizo za kutazamwa. Picha humsaidia ofisa kufahamu kosa. Haimthibitishii mwanachama kwamba fedha yake i salama.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Kwa nini kitufe cha PrtSc hukiacha kishale?
2. Ni njia ipi kati ya nne iliyo nyepesi kwa chama chenu, na kwa nini?
3. Ni mambo gani yafichwe kabla picha ya skrini haijatoka ofisini?
4. Mjumbe wa kamati aleta picha akidai yaonyesha katibu alifuta deni. Kamati ifanye nini kabla ya kuamua?