Mama Anayehamia Kisangani na Watoto Wadogo



Siku ya kilo tunasikia habari nyingi kuliko zile tunazoandika katika kadi. Kuna moja inayorudi kila mara: "Muganga, hii ni kilo yetu ya mwisho hapa. Baba yao amepata kazi Kisangani, tunamufuata." Wengine wanasema hivyo kwa furaha, wengine kwa sauti ya chini. Baba amepata kazi ya udereva, ao ya ujenzi, ao anauza katika duka la ndugu wa Butembo. Amekaa huko peke yake miezi sita, anakula malewani. Sasa ametuma pesa ya safari.

Ni vizuri jamaa ikae pamoja. Somo hili halikuandikwa kwa kuwazuia. Liliandikwa kwa sababu kuna jambo moja ambalo baba hasemi katika simu, maana hata yeye hakulijua mpaka siku alipolala kitandani akitetemeka.

Jambo ni hili: watoto wetu wa mlimani hawajakutana na malaria kama watoto wa Kisangani.

Butembo na Lubero ziko juu, kupita meta 1.700. Kisangani iko chini, karibu meta 400, kando ya mto Kongo, katikati ya pori kubwa. Malaria inaletwa na mbu, lakini kijidudu cha malaria kinahitaji joto kusudi kikomae ndani ya mbu. Penye baridi kinachelewa, na mara nyingi mbu anakufa mbele kijidudu hakijakomaa. Ndiyo sababu kwetu malaria iko, zaidi katika mabonde, lakini si nyingi. Kule chini joto haliishi, mvua haiishi, na mbu wa malaria wanauma usiku wa mwaka mzima.

Mtoto aliyezaliwa Kisangani anaumwa na mbu tangu siku za kwanza. Anaugua, anatibiwa, anaugua tena. Wengi wanakufa, tusifiche. Lakini yule anayepona, mwili wake unafanya kama mlinzi wa soko anayejifunza nyuso za wezi. Akifika miaka mitano ao sita, malaria inamshika bado, lakini haimwangushi kwa nguvu ile ya kwanza. Mtoto wako wa Lubero mwenye miaka minne, mnene, mwenye mashavu mekundu, mlinzi wake hajaona mwizi hata mmoja. Na wewe mama, na baba pia, ni vilevile. Mtu mzima wa mlimani anaweza kupata malaria kali sawasawa na mtoto.

Mama mmoja wa kilini yetu alinieleza yaliyompata, aliporudi kwa kilio cha baba yake. Alihama na watoto watatu: wa miaka minne, wa miaka miwili, na mchanga wa miezi mitano. Walifika Kisangani salama. Siku ya kumi na mbili, yule wa miaka miwili akawa moto jioni. Asubuhi akacheza. Jioni moto tena. Jirani, mwanamke mwema aliyempa hata makaa ya kupikia, akamwambia: "Usiogope, mama. Ni mwili inazoea mji. Batoto bote ba mulima beko vile." Akanunua parasetamol katika farmasi ndogo ya avenyu. Moto ukashuka, ukapanda. Siku ya tatu mtoto akapinda macho, akakaza mikono: degedege, ule ambao wengi wanaita ugonjwa wa ndege. Watu wakajaa uani. Mmoja akasema mtoto wa namna ile akichomwa sindano atakufa. Mama akasimama pale, baba yuko kazini, simu yake haipokelewi.

Mwanamke mzee wa nyumba ya nyuma ndiye aliyesimamisha toleka, zile baisikeli za kubeba watu, akampandisha mama na mtoto, akamwambia mpanda baisikeli aende hospitali bila kuuliza bei. Kule walimpima damu. Malaria nyingi sana, na damu ilikuwa imepunguka mpaka viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Mfanyakazi mwenzake na baba alitoa damu, mtoto akaongezwa. Alipona. Nilimwona mwenyewe, anakimbiza kuku.

Lakini angalieni hesabu ya siku. Mbu akimwuma mtu, homa haitoki kesho yake. Inangoja siku saba kwa uchache, mara nyingi kumi mpaka kumi na tano. Ni ule wakati hasa ambapo vyombo vimefunguliwa, mama anaanza kujua njia ya soko, na kila mtu anasema mtoto "anazoea". Hakuna homa ya kuzoea mji. Mtoto aliyetoka mlimani akiwa moto Kisangani, hesabu kama ni malaria mpaka tone la damu liseme hapana, na tone lile lipimwe siku ileile. Usingoje ya pili. Kipimo cha kidole kinachukua karibu robo saa.

Parasetamol inashusha moto, lakini haiui kijidudu. Na wale wanaobeba vidonge vya Nivaquine ambavyo bibi aliweka, waviache. Zamani vilisaidia kweli. Sisi wote tulivimeza tukiwa watoto, na uchungu wake nausikia bado katika ulimi. Lakini malaria ilivizoea, na tangu mwaka 2001 nchi yetu iliacha kuvitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Dawa za sasa zinameza siku tatu. Siku ya pili mtoto atacheka na kuomba chakula, na mama atataka kuweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Usifanye hivyo. Kila mtoto ana dawa yake kwa kipimo cha kilo yake, na yule wa kwanza hajapona bado. Kama anatapika dawa mbele ya nusu saa kupita, rudi kwa muganga.

Kuna dalili ambazo hazingoji hata kituo kidogo kifunguliwe asubuhi: mtoto hawezi kunyonya ao kunywa, anatapika kila kitu, anapatwa na degedege, analala na haamki vizuri, anapumua mbiombio, viganja ni vyeupe, mkojo ni mweusi kama kahawa. Hapo ni hospitali, hata usiku. Kama degedege limemshika, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala dawa kinywani, na usisikilize maneno ya sindano. Watoto waliokufa kisha kuchomwa sindano, wengi walikuwa wamecheleweshwa nyumbani.

Sasa, mbele ya kuondoka.

Zungumza na baba. Ninaweka neno hili mbele ya mengine yote kwa maana ndilo wamama wanaliruka. Hapa nyumbani mtoto akiugua, mama mkwe yuko, shangazi yuko, mmoja atasema "peleka mtoto" na hakuna atakayeuliza ruhusa ilitoka wapi. Kisangani utakuwa peke yako, na baba anarudi saa moja jioni. Mwambie mapema, akiwa na moyo mzuri: "Mutoto akipata moto, nitamupeleka bila kukungojea. Unakubali?" Na muweke pesa ya homa mahali mnapojua wote wawili: ya kufika kwa muganga, ya kupima, ya dawa. Itengwe mbele ya kununua viti. Mishahara inatoka mwisho wa mwezi, lakini malaria haina tarehe. Baba mmoja aliniambia kama hilo ni kuwaza mabaya. Nilimwuliza mbona gari lake linabeba gurudumu la tano.

Kisha leta watoto kilini, hata kama siku yao haijafika. Mkristo akihama anachukua barua ya kanisa, na akifika anaionyesha kwa mchungaji. Hakuna anayeifunga ndani ya godoro. Kadi ya kilo ni barua ya mtoto. Ibebe katika mkoba wako pamoja na kitambulisho. Muganga wa kule ataona chanjo zilizofanyika na ataendelea pale tulipoachia, hatuanzi upya. Mtoto wa miezi 9 asiondoke bila ile ya surua na ya homa ya manjano kama siku imefika. Mwaka 2024 nchi yetu ilianza kutoa pia chanjo ya malaria, ikianzia Kongo ya Kati. Ukifika, uliza kama inatolewa kule. Hata mtoto akiipata, anaendelea kulala chini ya chandarua.

Chandarua, mustikere yetu, ndiyo mzigo wa kwanza. Hapa wengi wameitia juu ya miche ya kabeji, ninaziona nikipita. Basi, iondoeni pale, ama muombe mpya. Na isiwekwe chini kabisa ya mizigo pamoja na vitanda, kwa maana mizigo mara nyingi inachelewa nyuma yenu wiki nzima. Barabara ile ya Mambasa na Nia-Nia tunajua taabu zake: gari linakwama, mnalala njiani, na pale tayari ni pori na mbu wa pori. Mustikere iwe katika mkono wako. Usiku wa kwanza njiani ni usiku wa kwanza wa malaria.

Mkifika katika nyumba ya kupanga, angalia nani analala wapi. Mara nyingi kitanda kikubwa cha baba na mama kina mustikere nzuri, na watoto wako sebuleni juu ya mkeka bila kitu. Yule asiye na mlinzi ndiye amelala nje! Kama ni moja tu, ni ya watoto na ya mama mwenye mimba. Inafungwa kwa kamba nne na misumari minne, hata juu ya mkeka, na inaingizwa chini ya mkeka pande zote. Ikichafuka, ifue kwa sabuni ya kawaida na uianike kivulini. Jua kali linapunguza dawa yake.

Mama mwenye mimba, zaidi ikiwa ni ya kwanza, malaria inampiga mara mbili: inamaliza damu yake, na inaweza kutoa mimba ao kuzaa mtoto mdogo sana. Kilini ya wajawazito utapewa vidonge vitatu vya kumeza mara moja mbele ya muganga, kuanzia mwezi wa nne, na tena kisha mwezi mmoja ao zaidi. Mwambie dawa nyingine unazokunywa. Kama unaweza kuchagua, zaa kwanza ukiwa karibu na mama yako. Kama huwezi, anza kilini wiki ileile ya kufika.

Wiki ileile, watoto wakiwa wazima, waulize majirani kituo cha afya kiko wapi na uende kwa miguu ao kwa toleka. Wapimwe kilo, kadi ionekane, ujue saa ya kufungua na mahali pa kugonga usiku. Lugha haitakusumbua sana. Kisangani watu wanasema Lingala na Swahili. Mama anayejifunza njia mchana hataitafuta usiku na mtoto moto mgongoni.

Juu ya maji na chakula nitasema kidogo. Maji ya kunywa yachemshwe, hata kama chemchemi ni safi kwa macho. Mwaka 2011 kipindupindu kilianza Kisangani kikateremka na mto mpaka Kinshasa. Maharagwe na viazi vyetu vinafika kule, lakini kwa bei itakayokushangaza. Usibaki ukivililia na kumpa mtoto muhogo mtupu. Jifunze vya kule: samaki, sombe, lituma ya ndizi, viwavi vya pori. Ndiyo, viwavi, mtoto akipondewa katika mchuzi anajenga mwili vizuri, na mama atazoea kisha wiki mbili. Tia mawese katika uji. Na mtoto anayenyonya asiachishwe kwa sababu ya safari ao kwa sababu wamama wa mjini wananunua maziwa ya boti.

Neno moja bado, la siku mtakaporudi huku kwa Noeli ao kwa kilio. Nilipokuwa mwanafunzi, alikuja mtoto wa miaka mitatu mwenye moto na kikohozi kidogo. Baridi ilikuwa kali, wodi ilikuwa imejaa watoto wa kifua. Nikaandika kifua. Sikuuliza kitu. Usiku muuguzi mzee wa zamu akamwuliza mama swali ambalo sikuliwaza: "Mwezi uliopita mlilala wapi?" Walikuwa wamerudi kutoka Kisangani siku ya tisa. Yule muuguzi aliomba damu ipimwe saa ileile, kwa taa ya mafuta. Mtoto alikaa siku mbili bila kutujibu, kisha akaomba chai. Leo ninafundisha wanafunzi wangu swali lile mbele ya kuwafundisha kushika sindano. Lakini wodi ikijaa wanaweza kusahau kama nilivyosahau mimi. Kwa hiyo wewe mama, ukifika na mtoto wa moto, hata asipokuuliza mtu, sema kwanza: "Tumetoka Kisangani," na utaje siku.