Ngoma, Hadithi na Afya ya Askari Mstaafu: Nani Agharimie?
Somo kwa wahudumu wa afya, askari wastaafu na familia zao

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, msomaji ataweza: (1) kueleza jinsi kiwewe cha vita kinavyojificha ndani ya malalamiko ya kawaida ya mwili; (2) kueleza sanaa inasaidia nini na haisaidii nini; (3) kupanga bajeti ndogo ya kikundi cha sanaa cha askari wastaafu na familia zao; na (4) kuchagua chanzo cha fedha kisichomtwisha mgonjwa mzigo mpya.

Mgonjwa anayefika mbele yetu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani na Matai anafika zahanati kwa mara ya nne katika mwaka. Mara ya kwanza alilalamikia mgongo, ya pili tumbo, ya tatu kichwa. Leo anaomba dawa ya usingizi. Vipimo havionyeshi kitu. Mkewe, aliyemsindikiza, anangoja mumewe atoke nje ndipo aseme kwa sauti ya chini: usiku huamka akipiga kelele, hataki kuketi penye watu wengi, na pombe ya ulezi, aliyokuwa akinywa sikukuu tu, sasa huianza asubuhi. Mzee huyu alikwenda vitani akiwa kijana, wakati majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Hakuna mhudumu aliyewahi kumwuliza habari za vita, naye hakuwahi kudhani kwamba habari hizo zinahusu zahanati.

Katika vita ile mgambo waliitwa kwa maelfu kuungana na Jeshi la Wananchi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na wengi wao wakarejea vijijini kushika jembe. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule sasa amekwisha kuwa mzee. Hata hivyo, jambo hili si la wazee peke yao. Tangu mwaka 2013 Tanzania imekuwa na askari katika Brigedi ya Umoja wa Mataifa huko mashariki mwa Kongo, na tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Nyuma ya kila mmoja wao kuna mjane, mzazi au mtoto. Na nyuma ya kila aliyenusurika kuna nyumba inayoishi na kumbukumbu zake.

Madaktari wa akili waliuingiza rasmi ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe katika mwongozo wao wa Marekani mwaka 1980. Dalili zake ni za makundi manne: tukio kujirudia katika ndoto au mawazo; kukwepa chochote kinacholikumbusha; moyo na fikra kugeuka kuwa vya huzuni, lawama au ganzi; na mwili kuwa macho daima kama mlinzi asiyepokewa zamu. Aghalabu sonona na ulevi huandamana nao.

Somo la historia: beni iliwahi kuwa tiba ya kujigharimia

Wazo la kuwakusanya askari wastaafu kwa njia ya sanaa halikuletwa na wageni. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaingia Tanganyika, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikasambazwa bara na askari na wapagazi wa pande zote mbili. Wachezaji walijigawa katika vyama, Marini na Arinoti vikiwa ndivyo mashuhuri. Walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakapiga tarumbeta na kucheza kwa mwendo wa gwaride.

Vita hiyo ilikomea karibu sana na Matai. Bandari ya Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg na Wajerumani, ilitwaliwa na Waingereza mwaka 1916. Tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Kalambo na Zambia. Wapagazi waliokufa katika vita ile, kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi, walikuwa makumi ya maelfu. Waliopona walitawanyika kuelekea makwao, wengi bila pensheni.

Kinachotuhusu hapa ni namna beni ilivyojiendesha. Wanachama walitoa michango. Fedha hizo zilinunua sare na ala, lakini pia zilimzika mwenzao, zilimwuguza mgonjwa na kumpokea mgeni asiye na ndugu mjini. Chama cha ngoma kilikuwa pia chama cha bima na baraza la kupeana pole. Katika cheo cha kujipachika, mtu aliyetumika kama mnyama wa mizigo alijirudishia heshima yake. Udhaifu wa mpango ule nao ulikuwa wazi: ulitegemea mifuko ya maskini, na mashindano ya vyama yaliwaingiza wengine katika madeni ya sherehe.

Baada ya uhuru, dola yenyewe ilianza kugharimia sanaa ndani ya majeshi. Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa na Polisi Jazz zilikuwa bendi za watumishi wenye mishahara. Lakini bendi hizo ziliwahudumia walio kazini na umma kwa jumla. Askari aliyevua sare na kurudi Ufipa aliiacha bendi kambini.

Sanaa inasaidia nini?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Mapitio hayo yalionyesha manufaa katika kuzuia maradhi, kukuza afya na kusaidia matibabu. Kwa askari wastaafu, njia tatu za manufaa hayo zinaeleweka.

Kwanza, sanaa huvunja upweke. Anayeimba katika kikundi hulazimika kupumua pamoja na wenzake, kusikiliza na kuonekana. Pili, sanaa humpa mtu lugha. Askari mstaafu hubaki na wajibu wa kutunza siri za jeshi, na wengi hudhani wajibu huo unawakataza kueleza hata huzuni yao. Shairi, wimbo au kinyago humwezesha kusema alivyohisi bila kutaja operesheni wala mahali. Tatu, sanaa huiingiza familia. Mke na watoto ambao kwa miaka wametembea kwa kunyata ndani ya nyumba yao hupata mahali pa kuketi na baba bila ugomvi.

Nchini Marekani, taasisi ya serikali ya kugharimia sanaa imeendesha mpango uitwao Creative Forces kwa ushirikiano na wizara za ulinzi na za maveterani. Askari waliojeruhiwa ubongo au walio na kiwewe hutengeneza vinyago, huandika na hupiga muziki hospitalini chini ya watibabu waliosomea kazi hiyo. Kisha ruzuku nyingine huvisaidia vikundi vya jamii wanakorejea. Funzo kubwa ni hilo: fedha humfuata mgonjwa kutoka hospitali hadi nyumbani.

Sanaa haisaidii nini?

Tafiti nyingi za sanaa kwa askari ni ndogo, na baadhi hazina kundi la kulinganisha. Kwa hiyo sanaa isiandikwe mahali pa tiba. Matibabu yenye ushahidi imara wa msongo baada ya kiwewe ni tiba za mazungumzo zinazolikabili tukio lenyewe. Mojawapo, ambayo mgonjwa husimulia maisha yake yote kwa mpangilio, imejaribiwa kati ya wakimbizi nchini Uganda na wapiganaji wa zamani mashariki mwa Kongo. Katika tiba hiyo kamba hulazwa chini iwe mfano wa maisha. Ua huwekwa kwa kila tukio jema, na jiwe kwa kila tukio baya. Inafanana na sanaa ya masimulizi, lakini ni tiba na huhitaji mafunzo na usimamizi. Kiongozi wa kwaya asijaribu kumfukulia mtu mawe yake mbele ya kadamnasi.

Tahadhari nne kwa mhudumu:

1. Mlio wa ghafla wa ngoma, baruti za sherehe au mwendo wa gwaride vinaweza kuamsha kumbukumbu za vita. Mjulishe kila mtu kabla, na uache mlango wazi kwa anayetaka kutoka.
2. Usimlazimishe mtu kusimulia. Kupiga makofi tu ni ushiriki kamili.
3. Pombe isiwe malipo wala kiburudisho cha mazoezi, hata kama ndiyo desturi ya ngoma.
4. Anayezungumzia kujiua, kumdhuru mwingine, au anayeonyesha kuchanganyikiwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani.

Bajeti ya kikundi kidogo

Wengi wanapoombwa kugharimia sanaa hufikiria vyombo vya gharama. Katika Ufipa hilo si tatizo la kwanza. Katika ngoma ya nsimba, kigoda na chungu hugeuka ala mikononi mwa wanawake. Vitu hivyo vimo jikoni. Gharama zenye uzito ni hizi:

• Nauli. Barabara ya Sumbawanga–Matai–Kasanga ipo, lakini vijiji vingi viko mbali nayo. Mzee asiye na nauli ndiye mwenye upweke mkubwa zaidi.
• Posho ya kiongozi wa sanaa. Anayejitolea bila chochote huchoka, na kikundi hufa pamoja na moyo wake.
• Muda wa mhudumu wa afya, angalau mara moja kwa mwezi, wa kupima, kushauri na kutoa rufaa.
• Uji au chakula cha mchana, hasa kwa wanaotumia dawa.
• Ufuatiliaji: daftari la mahudhurio na dodoso la PHQ-9, ambalo tafsiri yake ya Kiswahili imetumika Tanzania na Kenya. Lina maswali tisa, na jumla ya alama ni kuanzia 0 hadi 27. Anayefikia 10 au zaidi anahitaji uchunguzi kamili. Jibu lolote isipokuwa sifuri katika swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lishughulikiwe hapohapo, hata kama jumla ni ndogo.

Fedha zitoke wapi?

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wajane wa askari na wastaafu wenye ulemavu wanaweza kuunda vikundi vinavyostahili. Lakini mkopo hulipwa. Unafaa pale kikundi kina kazi ya kuuza: kutumbuiza harusini, kufinyanga vyungu, kusuka mikeka. Haufai kamwe kugharimia vikao vya kupona. Anayedaiwa marejesho hawezi kukosa mazoezi siku anayoshindwa kuamka, naye akishindwa kulipa, tutakuwa tumemwongezea aibu juu ya kiwewe. Vikao vya kupona vinahitaji ruzuku, michango au bajeti ya huduma yenyewe.

Ipo njia nyingine ya kuokoa fedha: kutolipia kilichokwisha kugharimiwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua haki ya wazee wasio na uwezo kutibiwa bila malipo. Afisa utamaduni, afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii wa wilaya wanalipwa tayari; mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kuwaketisha meza moja. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unaweza kuendewa kwa mradi wa maonyesho. Mchango wa wanachama, kama ule wa beni, ubaki mdogo na wa hiari, uwe alama ya umiliki. Usiwe nguzo ya nyumba.

Hatua ya kwanza wiki hii

Mhudumu, ongeza swali moja katika mahojiano yako: “Mzee, uliwahi kutumikia jeshi au mgambo? Je, au mtu wa nyumbani kwako?” Andika jibu katika kadi. Baada ya miezi mitatu utajua idadi yao katika eneo lako, na barua ya kuomba fedha itakuwa na namba ndani yake. Nawe, askari mstaafu au mjane unayesoma haya: kukosa usingizi kwa miaka mingi si woga wala laana. Ni maradhi yenye tiba. Yaseme zahanati kama usemavyo homa.

Maswali ya kujadili

1. Katika eneo lako ni ngoma au sanaa gani ambayo wazee huifurahia, na ni kipi ndani yake kinachoweza kuamsha kumbukumbu za vita?
2. Kikundi chenu kimepewa nafasi ya kuchagua kati ya mkopo mkubwa na ruzuku ndogo. Mtachagua kipi, kwa shughuli gani, na kwa nini?
3. Mwanakikundi analia katikati ya wimbo na kutoka nje. Nani atamfuata, atamwambia nini, na atampeleka wapi?