Kipimo cha umeme cha kuchomeka: kiaminiwe wapi?

Kwa pasi au jagi la kuchemshia maji, hata kipimo cha bei poa husoma vizuri. Mashaka yako kwenye vitu vidogo, kama chaja isiyo na simu au televisheni iliyozimwa kwa rimoti: wati 1 inaweza kusomeka 0, au 3. Friji ipime saa 24, maana kompresa huwaka na kuzima.

Ukitaka kukihakiki, zima kila kitu nyumbani, washa jagi peke yake likiwa limechomekwa kwenye kipimo, kisha hesabu taa ya mita ya LUKU inavyopepesa. Ikiwa mita imeandikwa 1000 imp/kWh, mipepeso 100 ni uniti 0.1; jagi la wati 2000 huitumia kwa dakika tatu tu. Linganisha na kipimo chako.