Kabla ya Kunakili Diski, Uliza Kilichomo



Ndugu wasomaji, somo letu safari hii ni la kazi ya mikono: namna ya kuchukua kilichomo kwenye diski kuu ya kompyuta moja na kukiweka kwenye kompyuta nyingine nyingi kupitia mtandao wa ndani wa chumba. Nimeombwa niliandike mimi kwa sababu kazi hii niliifanya katika chumba chetu cha kompyuta, na nilipoifanya mara ya kwanza niliharibu.

Jumuiya yetu ilipewa kompyuta 12 zilizokwisha kutumika, kila moja ikiwa na diski ya gigabaiti 320. Tulitaka zote ziwe na Ubuntu, LibreOffice na programu za takwimu. Kuiandaa kompyuta moja kwa mkono kulituchukua kama saa 2. Zidisha mara 12, utapata siku nzima pamoja na usiku wake. Ndipo tukaamua kuandaa moja tu vizuri, tuiite kompyuta mama, kisha nyingine 11 zinakili kutoka kwake.

Hesabu ya muda

Mtandao wetu ni wa megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti: 12.5. Kwa kweli zinazofika ni kama 11. Ukinakili diski nzima ya gigabaiti 320, pamoja na sehemu zake zilizo tupu, kompyuta moja itakula zaidi ya saa 8. Amri ya dd hufanya hivyo, haichagui.

Clonezilla, programu huru iliyotengenezwa Taiwan, husoma zile sehemu za diski zenye kitu na kuziacha zilizo tupu. Kompyuta mama yetu ilikuwa na gigabaiti 20 tu zilizojaa. Gigabaiti 20 kwa kasi ile ni kama nusu saa.

Lakini kompyuta ni 11. Ukizihudumia moja moja, ni saa 5 na nusu. Ukizihudumia zote pamoja huku kila moja ikipelekewa nakala yake, muda ni uleule, kwa kuwa zote zinagawana kebo moja inayotoka kwenye seva. Dawa yake ni maltikasti. Mfano wake ni mwalimu wa imla. Anaweza kwenda kwenye dawati la kila mwanafunzi na kumsomea peke yake. Au anaweza kusimama mbele, asome mara moja, wote waandike. Maltikasti ni huku kusoma mara moja. Kompyuta 11 hupokea kwa ile nusu saa ya kompyuta moja. Ila mwalimu humsubiri anayeandika polepole, hivyo kompyuta moja yenye diski mbovu au kebo mbovu huzichelewesha zote.

Nilivyoharibu

Nilifurahishwa mno na hesabu hiyo. Siku ya kazi nilizipanga kompyuta, nikaziunganisha na swichi, nikaanza. Programu ilinionya kwamba vyote vilivyomo kwenye diski zitakazopokea vitafutika, ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo, maana akilini mwangu zile zilikuwa kompyuta za msaada, hazina mwenyewe.

Nilisahau kwamba kwa wiki 2 kabla ya hapo tulikuwa tumeufungua mlango na wanafunzi walikuwa wakizitumia. Kazi ilipokwisha akaja dada mmoja wa mwaka wa mwisho. Alibisha hodi, akasalimu, akasema: "Kaka, tasnifu yangu nimeiacha namba 7. Naomba dakika 2 tu niichukue."

Sikuwa na la kumjibu. Nakala nyingine hakuwa nayo, isipokuwa sura ya kwanza aliyokwisha kumpelekea mwalimu wake.

Jambo jema nililofanya siku hiyo ni kuizima namba 7 palepale. Kila dakika kompyuta inapowaka, huandika kitu juu ya vitu vya zamani. Tukaitoa diski, tukaifunga kama diski ya pili kwenye kompyuta nyingine, tukatumia PhotoRec. Programu hii haitegemei majina ya mafaili. Hupita diski yote ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Kilichookolewa huwekwa kwenye diski nyingine, wala si ileile unayoitafuta.

Iliwezekana kwa sababu ileile iliyotupa kasi: Clonezilla iliandika gigabaiti 20, na sehemu kubwa ya diski haikuiguswa. Tulipata mamia ya mafaili yasiyo na majina. Tukayafungua moja moja. Sura ya 2 na ya 3 zikapatikana. Jedwali la takwimu la sura ya 4 halikupatikana hadi leo. Alikuwa na madodoso 60 ya karatasi. Ikabidi aingize majibu yake upya, yeye na mwenzake wa chumbani wakiandika, mimi nikiwasomea, jioni 3 mfululizo.

Katika kutafuta huko tulikutana na mengine: barua na orodha za mishahara za ofisi iliyotumia kompyuta hizo kabla yetu. Tukafunga macho na kuyafuta. Basi jueni mambo mawili kwa pamoja. Kunakili hufuta kazi ya mtu, na bado hakusafishi diski. Ukimkabidhi mtu mwingine kompyuta, ijaze diski yote sifuri kwanza kwa amri ya dd. Kwa diski kama zetu ni kazi ya saa moja au mbili hivi.

Hatua tunazofuata sasa

1. Tangaza. Tunabandika karatasi mlangoni siku 3 kabla, kisha tunafungua kila kompyuta na kuangalia folda za watumiaji. Faili lisilojulikana mwenyewe tunalihifadhi kwenye diski ya pembeni.

2. Safisha kompyuta mama. Sasisha programu, ondoa mafaili yako, nywila zako na historia ya kivinjari. Utakachosahau humo kitanakiliwa mara 11.

3. Ondoa vitambulisho. Kompyuta zilizonakiliwa huwa mapacha hata kwa jina. Kwenye Ubuntu futa yaliyomo katika /etc/machine-id kabla ya kunakili ili kila moja ijitengenezee chake, na baadaye ipe kila moja jina lake kwa hostnamectl. Kama umeweka huduma ya SSH, funguo zake nazo zitengenezwe upya kwenye kila kompyuta.

4. Tenga mtandao. Chomoa kebo inayokwenda kwenye mtandao wa chuo. Seva ya kunakili inaweza kugawa anwani kwa kompyuta zote inazozifikia. Ikikutana na seva nyingine inayogawa, watu wa vyumba vingine watakosa intaneti bila kujua kwa nini.

5. Tambua diski. Andika lsblk, utazame ukubwa na jina: sda, sdb au nvme0n1. Kuchanganya inayotoa na inayopokea ni kuifuta mama mwenyewe. Kwa kawaida diski inayopokea isiwe ndogo kuliko inayotoa.

6. Jaribu kwa moja. Nakili kwenye kompyuta moja, iwashe, ingia, fungua programu 2 au 3. Ikikubali, endelea na zilizobaki.

7. Uangalie umeme. Ukikatika katikati ya kazi, diski zitabaki nusu na kompyuta hazitawaka. Itabidi kuanza upya. Sisi hutumia laptopu yenye betri kuwa seva, ili walau nakala mama isidhurike.

8. Heshimu leseni. Ubuntu na LibreOffice waliozitengeneza wameruhusu zinakiliwe. Programu ya kulipia uliyonunua kwa kompyuta moja haiwi halali kwa 12 kwa sababu tu swichi imeweza kuipitisha.

Yule dada aliwasilisha tasnifu yake, alhamdulillah, wiki moja baada ya tarehe aliyokuwa amejipangia. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinilemea zaidi. Nilipomwomba msamaha alinisamehe, kisha akasema: "Kaka, ungetuuliza tu." Karatasi tunayobandika mlangoni sasa imeandikwa kwa herufi kubwa: JE, KUNA KITU CHAKO HUMU?

Nawe msomaji, kama tasnifu yako iko mahali pamoja tu, funga gazeti hili sasa hivi ukaitolee nakala ya pili.