Ukambi: Upele Ukipotea, Endelea Kumwangalia Mtoto

Mama anamleta mtoto zahanati siku ya kumi tangu upele uonekane. Upele umefifia, ngozi inabanduka kama pumba, na nyumbani wameshasema mtoto amepona. Lakini anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani kila avutapo pumzi, na hataki kunyonya. Hiyo ni nimonia, na ndiyo inayoua watoto wengi zaidi miongoni mwa wanaokufa kutokana na ukambi.

Ukambi, au surua, huanza kama mafua: homa kali, kikohozi, makamasi, na macho mekundu yanayotoa machozi. Baada ya siku chache upele hutokea usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka hadi miguuni. Mtoto huambukiza wengine kuanzia siku nne kabla ya upele hadi siku nne baada yake. Virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na katika kila watu 10 wasio na kinga walio karibu naye, hadi 9 huambukizwa.

Wazazi wengi huutazama upele tu. Hatari kubwa iko kwingine. Ukambi hudhoofisha kinga ya mwili, na hata hufuta sehemu ya kumbukumbu ambayo mwili ulikuwa nayo ya kupambana na magonjwa mengine. Kwa wiki na miezi baada ya kupona, mtoto hupatwa kwa urahisi na nimonia na kuhara. Takriban mtoto 1 kati ya 10 hupata maambukizi ya sikio, ambayo huweza kumwacha kiziwi. Kwa 1 kati ya 1,000 hivi, ubongo huvimba. Walio hatarini zaidi ni wa chini ya miaka 5, wenye utapiamlo na wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Macho yanahitaji uangalifu wa pekee. Ukambi humaliza akiba ya vitamini A mwilini. Sehemu ya mbele ya jicho hukauka, hupata kidonda, na kovu lake huweza kumpofusha mtoto kabisa. Kwa hiyo kila mtoto mwenye ukambi hupewa vitamini A siku mbili mfululizo, hata kama alishapata ile ya kila miezi sita. Tafadhali usimtie machoni dawa za mitishamba wala kitu kingine ulichoshauriwa na jirani. Jicho ambalo lingepona hupotea kwa namna hiyo.

Ipo pia imani ya zamani kwamba mtoto wa ukambi akidungwa sindano, upele "utaingia ndani" na kumuua. Si kweli. Mara nyingi watoto waliokufa baada ya sindano walikuwa wamefikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa mno, na sindano ikabeba lawama. Wala hakuna sababu ya kumnyima chakula, nyama au maji ya kuoga. Mnyonyeshe na umpe vinywaji mara kwa mara. Akihara, mpe ORS na zinki. Hakuna dawa ya kuua virusi vya ukambi, lakini nimonia na maambukizi ya masikio yana dawa. Akipumua kwa shida, akishindwa kunywa, akipata degedege, akilegea, au jicho likiwa na ukungu, mpeleke hospitalini mara moja, hata usiku.

Chanjo ya ukambi na rubela hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali, mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Dozi ya kwanza hukinga takriban watoto 85 kati ya 100. Ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa mtoto tayari anatembea na kijitabu cha kliniki kimefungiwa sandukuni. Kitoe leo ukiangalie. Kama dozi imepita, mpeleke tu, hajachelewa.

Ukishuku mtoto ana ukambi, mjulishe mhudumu mara ufikapo mlangoni ili awekwe kando. Kwenye foleni kuna watoto wachanga ambao bado hawajafikisha miezi 9.